Tumbo limeharibika baada ya upasuaji, nalificha hata kwa mume wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 29, naishi kijiji kimoja huku Tandahimba. Mtoto wa kwanza nilijifungua kawaida. Wa pili nilishikwa na uchungu tangu alfajiri, hadi usiku njia haijafunguka. Wakasema mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa kupelekwa hospitali kubwa. Kilichoendelea baada ya kufika sikikumbuki vizuri. Nilipozinduka nikaonyeshwa mtoto, mzima. Namshukuru Mungu, sasa anakaribia miaka miwili na anakimbia uwanja mzima.

Shida yangu ni tumbo. Nilipasuliwa wima, kuanzia chini ya kitovu mpaka kule chini kabisa. Siku chache baada ya kurudi nyumbani mshono ukaanza kutoa usaha, ukafumuka katikati. Nikarudishwa hospitali, nikawa nasafishwa kidonda kila siku, baadaye nikashonwa upya. Kilipopona kimeacha kovu pana, gumu, linang'aa, limetuna, na linaniwasha sana nikitoka jasho shambani. Naliona linazidi kutanuka. Mama yangu ana nyama kama hiyo sikioni, pale alipotoboa. Kwa chini kovu limezama ndani, halafu nyama zimejaa kulia na kushoto, yaani tumbo limekuwa kama mikate miwili iliyobanwa pamoja. Halafu kidogo chini ya kitovu, pembeni mwa kovu, kuna kitu kinajitokeza nikisimama sana au nikikohoa. Nikilala kinapotea. Wifi yangu aliniuliza mbele za watu kama nina mimba.

Mume wangu hajawahi kusema neno baya, ila mimi mwenyewe nimebadilika. Nazima taa kabla ya kuvua, nalala nimejifunga kanga. Mtoto wa dada yangu alipochezwa unyago mwaka huu nilisingizia homa, maana najua kule ndani wanawake tunaoga pamoja, wangeniona.

Nilimweleza nesi kliniki, akanijibu, "Wenzako wamekufa, wewe unalilia kovu?" Nikanyamaza. Jirani kaniambia nipake mafuta ya ganda la korosho, yataunguza hiyo nyama na ngozi mpya itaota. Mwingine anasema nitafute pesa nikalikate. Na yuko mwenzangu alipasuliwa mlalo, chini kabisa, hata huoni kitu. Je, mimi walinikosea? Nifanye nini? Na nikitaka mtoto mwingine itakuwaje?

Mama wa Wawili, Tandahimba

Marahaba mwanangu. Pole kwa uliyopitia, na hongera kwa mtoto.

Kwanza kabisa, hayo mafuta ya ganda la korosho usiyaguse. Wewe ni mtu wa Tandahimba, umeiona mikono ya akina mama wanaobangua kwa mkono: asiyejipaka majivu au mafuta vidole vinaungua, vinakuwa vyeusi, ngozi inabanduka. Utomvu ule una tindikali inayochoma. Na ngozi yako ni ya aina inayolipiza kila jeraha kwa kuota nyama. Ukiiunguza, umeipa jeraha jipya la kulipiza, na kovu litakalofuata litakuwa kubwa kuliko hili. Kama umeshapaka, osha kwa maji mengi na sabuni, usipake tena, na pakitoka malengelenge nenda zahanati.

Sasa nije kwenye kitu ulichokitaja kwa sentensi mbili tu halafu ukakipita, kile kinachojitokeza ukikohoa na kupotea ukilala. Barua yako yote inalia juu ya kovu, lakini mimi hicho ndicho kilichonishtua. Kwa maelezo yako kinafanana sana na ngiri ya kovu. Chini ya ngozi na mafuta kuna utando mgumu unaoshikanisha misuli ya tumbo, na ndio daktari anaoushona kwa uzi imara kuliko wote. Mshono ukiingia usaha na kufumuka kama wako, utando huo unaweza kupona ukiwa umeacha pengo. Hapo kila unapokohoa, unapojikamua chooni au unapoinua ndoo ya maji, mafuta ya tumboni au utumbo wenyewe unasukumwa kupitia pengo hilo.

Huku kwetu tumezoea kusema ngiri ni ugonjwa wa wanaume, kwa hiyo mwanamke akituna tumbo anaulizwa kama ana mimba, basi. Wanawake wengi wanakaa na ngiri ya kovu kwa miaka wakidhani wamenenepa vibaya. Na hao wanaouza mizizi ya ngiri stendi na magulioni wasikupotezee hela, kwa kuwa tundu kwenye utando wa tumbo halizibwi kwa dawa ya kunywa.

Jaribu hivi ukiwa peke yako chumbani. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kovu, kisha inua kichwa na mabega kidogo kama unayetaka kuona miguu yako. Ukihisi ukingo mgumu na kitu laini kinachosukuma kutoka ndani yake, huenda ndilo tundu lenyewe. Ukihisi badala yake mfereji mrefu laini katikati ya tumbo, bila ukingo, inaweza kuwa misuli iliyoachana wakati wa mimba. Hiyo huwapata wanawake wengi, hainasi utumbo, na mazoezi mazuri yanaisaidia. Lakini vidole vyako ni vya kukupa fununu tu. Atakayesema ni daktari, akikupima ukiwa umesimama na ukiwa umelala, na pengine kwa utrasaundi.

Hili lifuatalo mwambie na mumeo, ili alijue hata usiku ukiwa huwezi kuongea. Siku kitu hicho kikitoka kisirudi, kikawa kigumu na kinauma, ngozi juu yake ikabadilika rangi, ukatapika, au tumbo likajaa na hupati hata hewa ya kutoa, utakuwa utumbo umenaswa. Ukinaswa damu haipiti, na sehemu hiyo inaweza kuoza. Hapo hakuna kungoja kesho, hakuna kungoja hela ya mnada wa korosho. Unapanda chochote chenye magurudumu, saa hiyo hiyo, kwenda hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Ndiyo maana jibu la yule nesi limeniuma. Alidhani anakukumbusha kushukuru, kumbe amekufunga mdomo usifike kwenye habari ya ngiri. Kama angekuambia tu, "Hebu panda kitandani nikuone," pengine leo ungekuwa umeshatibiwa. Na hata kama lingekuwa kovu peke yake, bado una haki ya kulichukia na kuliulizia. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ulikadiria 104. Ni jambo kubwa, na upasuaji wa dharura kama uliofanyiwa wewe una mchango ndani yake. Sasa wanawake hawa waliopona wanarudi nyumbani na miili yenye mishono, wanalala na waume, wanaoga na wenzao, wanabeba kuni. Anayewahudumia aulize na hayo. Kumshukuru Mungu kwa uhai na kulalamikia tumbo vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Tuje kwenye kovu. Linalotuna, likawasha, likang'aa na kuvuka mipaka ya kidonda cha awali, hasa kwa mtu mwenye mzazi aliyeota nyama sikioni, kwa kawaida ni keloidi. Sisi watu wenye ngozi nyeusi hutupata zaidi kuliko wengine na hufuata ukoo. Haitokani na uchafu wako, wala hukurogwa, na si lazima daktari awe alishona vibaya. Usaha na kushonwa mara mbili vimeichochea tu. Makovu ya kawaida huendelea kubadilika, yakilainika na kufifia, kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Wewe umeukaribia mwaka wa pili na lako bado linatanuka, kwa hiyo atakayekuambia "subiri tu litaisha" mjibu kwamba umeshasubiri.

Kulikata tu na kushona ndiko wengi wanakokimbilia, na ndiko kunakowaumiza zaidi. Keloidi ikikatwa bila tiba nyingine ya kuisindikiza hurudi kati ya asilimia 45 na 100 ya wagonjwa, na mara nyingine ikirudi inakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Kinachotangulizwa kwa kawaida ni sindano ya dawa ya steroidi, inayoitwa triamsinoloni, inayochomwa ndani ya kovu lenyewe kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma, sitakudanganya. Lakini muwasho hupungua, nyama hulainika na kushuka taratibu. Inaweza kuacha ngozi ya hapo ikiwa nyeupe kidogo au nyembamba, na lazima uifuate mpaka mwisho, maana wengi huacha muwasho ukiisha halafu kovu linaamka tena. Ziko pia plasta na jeli za silikoni. Plasta hubandikwa juu ya kovu lililofunga, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi. Kwa joto letu la Kusini jasho linajaa chini yake, kwa hiyo kila siku inavuliwa, inaoshwa pamoja na ngozi, vikauke ndipo uirudishe.

Kuna kitu kingine kinachonitisha dukani: krimu za kuondoa makovu zisizosema zina nini. Nyingi ni mkorogo uleule wa kujichubua, zina steroidi kali au zebaki. Sindano ya daktari inaingia ndani ya kovu kwa kipimo. Krimu hizo zinapakwa ovyo tumbo zima, unabaki na michirizi na ngozi laini kama karatasi kandokando ya keloidi ambayo haijashuka hata kidogo.

Hiyo mikate miwili nayo ina sababu yake. Kidonda kilichofumuka kikapona kwa kujazia nyama hugandamana na tabaka la chini. Kovu linashikwa na kuvutwa ndani, mafuta ya pande zote mbili yanabaki huru, ndiyo yanatuna. Kukonda hakutaliachia kovu, ingawa kutapunguza zile pande. Kufunga tumbo kwa kanga hakudhuru kama hufungi kwa kubana mno, na mkanda wa tumbo unaweza kukupunguzia uzito unaousikia ukisimama, ila usifunge juu ya kitu kilichotoka na kukataa kurudi. Hata bibi akija na maji ya moto kukukanda, tumbo lenye ngiri halikandwi.

Hapa sasa ndipo nataka unisikilize vizuri, maana nadhani hakuna aliyekueleza. Ngiri ya kovu hurekebishwa kwa upasuaji, mara nyingi kwa kuziba tundu na kuweka wavu maalumu wa kuimarisha utando. Ukifanywa kwa njia ya kufungua, daktari hupita palepale kwenye mshono wa zamani, na mara nyingi analikata kovu la zamani na kuliondoa, anaachanisha matabaka yaliyogandamana, ndipo anafunga upya. Maana yake shida ya afya na shida ya umbo zinaweza kukutana kwenye meza moja. Lakini daktari anayeziba ngiri akili yake iko kwenye tundu, kwa hiyo usipomwambia mapema hatajua kwamba kovu linakunyima usingizi. Mwambie kabla, siyo asubuhi ya upasuaji: "Daktari, ngozi yangu inaota keloidi, mama yangu pia. Kovu la zamani mtalifanyaje? Na likianza kutuna tena, sindano nitachomwa na nani, lini?" Swali hilo la mwisho ndilo litakalokulinda, kwa sababu sindano inafanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa bado changa.

Usitarajie tumbo la usichana. Utabaki na mstari. Lengo ni ukuta uliofunga, kovu jembamba zaidi, tumbo lililolala. Upasuaji mkubwa wa kuondoa ngozi iliyolegea na kulinyoosha tumbo upo pia nchini, kwa wataalamu wa upasuaji rekebishi kama wale wa Muhimbili na Mloganzila, ila hufanywa zaidi kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa na ambaye uzito wake umetulia, na bima kwa kawaida hailipii kinachofanywa kwa ajili ya urembo. Ngiri ni ugonjwa. Hakikisha kwenye karatasi yako ya rufaa imeandikwa ngiri, kama ndiyo watakayoikuta, siyo "kovu baya".

Anzia hospitali ya wilaya, uombe kuonwa na daktari, na upewe rufaa. Ukienda Mtwara mjini ipo Ligula, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Wa upande wa Masasi wana Ndanda, wa Lindi wana Sokoine na Nyangao. Kwa kovu ulizia mtaalamu wa ngozi. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC Moshi kinasomesha wataalamu hao tangu 1992, na wengi wao si madaktari bingwa bali ni maofisa tabibu waliosomea ngozi, wanaofanya kazi kwenye hospitali za mikoa. Nenda na karatasi ya kuruhusiwa ya ule upasuaji. Kama huna, rudi ulikopasuliwa uombe muhtasari, ni haki yako.

Upasuaji upange na shamba. Baada ya kuziba ngiri utakaa wiki 6 au zaidi bila ndoo, bila jembe, bila gunia la korosho, na daktari anaweza kuongeza. Ukifanyiwa Septemba, Oktoba utakuwa chini ya mikorosho unaokota, na kazi yote itafumuka. Kaeni na mumeo mseme nani atachota maji na nani atabeba mtoto.

Umeuliza kama walikukosea. Mkato wa mlalo, unaojulikana kwa jina la daktari Mjerumani Pfannenstiel aliyeueleza mwaka 1900, hufichika vizuri na hupata ngiri mara chache zaidi, kwa hiyo ndio unaopendelewa. Wa wima unaingia haraka na una nafasi kubwa, ndiyo maana baadhi ya madaktari huuchagua mtoto akiwa anapoteza mapigo usiku wa manane. Usaha nao huwapata zaidi waliokaa na uchungu muda mrefu, hata pale kila kitu kikifanywa sawasawa. Kwa hiyo kwa barua tu siwezi kusema walikukosea, na wala siwezi kusema hawakukosea. Unayo haki ya kumuuliza Mganga Mfawidhi wa hospitali hiyo kwa nini wima na nini kilitokea kwenye mshono. Usiporidhika, yupo Mganga Mkuu wa Wilaya na wa Mkoa, na malalamiko juu ya daktari hupokewa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ila usiache tiba ingoje malalamiko.

Kuhusu mtoto mwingine: kovu la wima kwenye ngozi halimaanishi kizazi nacho kilikatwa wima. Mara nyingi kizazi hukatwa mlalo. Jibu liko kwenye ule muhtasari, na linaamua kama unaweza hata kufikiriwa kujaribu njia ya kawaida, kwa hiyo litafute kabla ya kubeba mimba. Inashauriwa angalau miezi 18 ipite kati ya upasuaji na mimba inayofuata, nawe umeshaipita. Kama mnataka mtoto hivi karibuni na ngiri haiumi, daktari anaweza kushauri uzae kwanza ndipo izibwe, maana mimba huweza kuifungua tena. Akisema hivyo, mpange uzazi wa mpango mpaka mwamue. Na safari hiyo usikae kijijini kungoja uchungu. Sogea karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji wiki za mwisho.

Mumeo naye. Umeandika hajasema neno baya, lakini barua yako haionyeshi kama amewahi kuliona vizuri tumbo lenyewe. Mwanaume anayezimiwa taa karibu miaka miwili anaweza kuwa anadhani humtaki. Si lazima umwonyeshe leo. Anza na habari ya ngiri, mweleze zile dalili za hatari, umwonyeshe pale panapotoka ili ajue pa kuangalia. Wifi yako hana haki ya maelezo yoyote, ila akikuuliza tena mbele za watu unaweza kumjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni ngiri ya mshono, unaitibu. Nina hakika kati ya hao watakaosikia yupo mwingine mwenye tumbo kama lako.

Ukishaonwa, niandikie walichokuta: tundu lina upana gani, kovu la zamani wamesema watalikata au wataliacha, na sindano zinapatikana wapi. Tutaisoma pamoja karatasi hiyo kabla hujakubali tarehe.

Shangazi